PT-76, kifaru kinachoelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu kifaru hiki cha Kisovieti yanaanzia kwenye kosa moja, nalo ni kukipima kwa unene wa chuma chake. PT-76 kwanza ni chombo cha majini, kisha kikafungwa minyororo ya kutembelea na mzinga. Ukianzia hapo, wembamba wa deraya yake (chuma cha kukinga), ukubwa wa umbo lake na nafasi yake vitani vinajieleza vyenyewe.

PT-76 ni nini, na jina hilo lina maana gani?

Ni kifaru chepesi cha upelelezi kinachoweza kuvuka mto, ziwa au ghuba bila daraja wala pantoni. Herufi PT ni kifupi cha maneno ya Kirusi *plavayushchiy tank*, yaani kifaru kinachoelea. Namba 76 inatokana na kipenyo cha mzinga wake, milimita 76.2.

Kilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na wahandisi wa Leningrad na Chelyabinsk, kikapokelewa rasmi jeshini mwaka 1952. Kiwanda cha matrekta cha Stalingrad, mji ambao tangu 1961 unaitwa Volgograd, ndicho kilichokiunda hadi 1967. Kina uzito wa tani 14. Bodi lake lina urefu wa mita 6.91 na upana wa mita 3.14, na kimo chake ni mita 2.2 na ushei. Hubeba watu watatu: dereva mbele katikati, kamanda upande wa kushoto wa mnara (kichwa kinachozunguka chenye mzinga), na mpakiaji upande wa kulia.

Mbona ni kikubwa hivyo, ilhali kinaitwa chepesi?

Kwa sababu ya maji. Chombo chochote kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo kifaru cha tani 14 lazima kisukume mita za ujazo 14 za maji baridi kabla hakijaanza kuelea. Na hapo hakina akiba hata kidogo. Wimbi moja likipita juu ya omo, yaani sehemu ya mbele, kinazama. Ndiyo maana bodi limetanuliwa, likawekwa hewa nyingi ndani, na hata magurudumu yakatengenezwa yenye uwazi ili nayo yachangie kuelea.

Mtu anayekiona mara ya kwanza hushangaa kwamba kwa urefu wa bodi kinakizidi T-55, kifaru kikubwa cha Kisovieti ambacho kina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu. Nafasi kubwa ndani ni raha kwa wanaokaa humo, lakini kwa adui ni shabaha pana.

Deraya yake ni nene kiasi gani, na kwa nini haikuongezwa?

Sehemu ya juu ya omo ina takriban milimita 10 tu, ila imelazwa kwa nyuzi 80 kutoka wima. Risasi inayokuja kwa usawa hukutana na chuma cha milimita 57 hivi kikipimwa kwa njia inayopita, na mara nyingi huteleza juu. Sehemu ya chini ya omo ina takriban milimita 13 kwa mlalo wa nyuzi 45. Mnara mbele una milimita 15 hivi. Ubavuni na nyuma ni nyembamba zaidi, na sakafu ni ya milimita 5.

Maana yake vitani ni hii: risasi za bunduki za kawaida na vipande vya mabomu huzuiwa. Rashasha nzito ya milimita 12.7 yenye risasi za kutoboa chuma ni hatari kwa ubavu, hasa karibu, na ile ya milimita 14.5 ni hatari zaidi. RPG, roketi ya begani, hupenya popote inapopiga. Bomu la kutegwa ardhini chini ya sakafu ya milimita 5 halihitaji maelezo.

Kuhusu kuongeza chuma, hesabu ni rahisi. Bamba la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 10 lina uzito wa kilo 78.5. Ukifunika mita za mraba 30 tu za umbo, umeongeza kilo 2,355, na kila kilo hiyo inataka lita moja ya maji isukumwe. Kifaru kinashuka majini, omo inakuwa karibu na mawimbi, kasi inapungua, na kupanda ukingo kunakuwa kugumu. Walioendelea kuongeza mwishowe walipata kifaru cha nchi kavu, tena kibovu.

Majini kinasukumwa na nini?

Na jeti mbili za maji. Kuna matundu sakafuni yenye nyavu, maji yanavutwa ndani na pangaboi zinazozungushwa na injini ileile, kisha yanatupwa kwa nguvu kupitia matundu mawili kwenye tezi, yaani upande wa nyuma. Vifaru vidogo vya miaka ya 1930 vya T-37A na T-38 vilitumia rafadha (pangaboi) ya wazi kama ya boti. Tatizo la rafadha ya wazi huonekana pale ukingoni, kwa sababu hugonga mwamba, hunasa mizizi na hujipinda. Jeti zimefichwa ndani ya bodi, hivyo kifaru kinaweza kuburuza tumbo kwenye mchanga na bado kikaondoka.

Kuelekeza nako ni kwa maji hayohayo. Ukitaka kwenda kushoto, unafunga kifuniko cha tundu la kushoto nyuma. Maji ya upande huo hugeuzwa na kutoka ubavuni yakielekea mbele, huku ya kulia yakiendelea kusukuma. Ukifunga vyote viwili, kifaru kinarudi nyuma. Kwa kuachia jeti moja isukume mbele na nyingine nyuma, kinageuka papo hapo kama ngalawa inayopigwa kasia pande mbili tofauti.

Kasi ya juu majini ni kilomita 10.2 kwa saa, yaani mita 170 kwa dakika.

Ni maandalizi gani hufanywa kabla ya kuingia majini?

Sifa kubwa ya PT-76 ni kwamba hakihitaji kufungwa maturubai wala maboya. Lakini "bila maandalizi marefu" si sawa na "bila maandalizi". Utaratibu unakwenda hivi:

1. Vizibo vyote vya sakafuni vya kutolea maji na mafuta vikaguliwe kwa mkono, si kwa macho. Kizibo kilichokazwa nusu hakionekani kwa juu.
2. Mpira wa kuziba kwenye vifuniko vya dereva na vya injini ukaguliwe. Ukiwa na ufa au mchanga, maji yatapita.
3. Nyavu za matundu ya jeti zisafishwe majani, magugu na matope.
4. Bati la kukingia mawimbi lililolala juu ya omo liinuliwe. Bila hilo, maji yanayosukumwa na omo hupanda juu ya bodi hadi kwa dereva.
5. Periskopu ya katikati ya dereva ibadilishwe, iwekwe ile ndefu ya majini, kwa sababu bati lililoinuliwa linaziba mbele.
6. Pampu za kutolea maji ngamani (chini kabisa ndani ya bodi) ziwashwe kabla ya kugusa maji, si baada ya kuyaona miguuni. Ipo pia pampu ya mkono kwa dharura.
7. Vifuniko vya jeti kwenye tezi vifunguliwe.
8. Ingia kwa gia ya chini, polepole, ukiwa umenyooka na ukingo. Jeti zikishika maji, minyororo huachwa.

Wenye mazoezi humaliza haya kwa dakika chache. Hatua ya kwanza na ya tatu ndizo zinazorukwa mtu akiwa na haraka, na ndizo zinazozamisha.

Nini huharibika mara nyingi majini, na kwa nini?

La kwanza ni mkondo. Chukua mto wa upana wa mita 300. Kwa mita 170 kwa dakika, kifaru kinavuka kwa sekunde 106 hivi. Maji yakienda mita moja kwa sekunde, ambao si mkondo mkali, kitakuwa kimesukumwa zaidi ya mita 100 kuelekea chini kabla hakijagusa ng'ambo. Kwa hiyo anayechagua mahali pa kutokea ng'ambo anaanza huko, anahesabu kurudi juu ya mkondo, ndipo anapata mahali pa kuingilia. Nahodha wa mtumbwi anajua hili bila karatasi. Dereva wa kifaru lazima afundishwe, kwa sababu toka ndani ya kile kiperiskopu haoni kwamba anateleza.

La pili ni kutoka majini. Kuingia ni rahisi kwani uzito unakusaidia, ila kutoka ni kazi nyingine kabisa. Omo ikigusa ukingo, sehemu ya mbele ya minyororo hupata mshiko huku nusu ya nyuma bado inaelea. Hapo jeti zinaendelea kusukuma na minyororo inafanya kazi kwa wakati mmoja. Ukizima jeti mapema, kifaru kinarudi nyuma. Ukingo ukiwa wa matope laini, minyororo inachimba, omo inazama, na kifaru kinabaki kimening'inia kwa pembe mbaya tezi ikiwa chini. Kwenye nchi kavu kinapanda mwinuko wa zaidi ya nyuzi 30, lakini usitegemee hilo kwenye ukingo uliolowa. Ndiyo maana vifaru vya kwanza hutafutiwa ukingo mzuri, na vinavyofuata huupata umechimbika. Makamanda wazuri hubadilisha mahali pa kutokea baada ya vifaru vichache.

La tatu ni joto. Injini hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia rejeta na msukumo wa moshi wa ekzosi. Majini injini inafanya kazi kwa nguvu muda wote bila kupumzika. Mwezi Desemba 1971 vifaru vya India vilivyovuka Mto Meghna vilipata shida hiyohiyo: injini zilipata joto kupita kiasi baada ya takriban nusu saa majini, na ikabidi boti zitumike kuvikokota. PT-76 kiliundwa kwa kuvuka mito ya Ulaya, si kwa kusafiri mitoni.

La nne ni takataka. Gugu likinasa kwenye wavu wa jeti moja, upande huo unapoteza nguvu na kifaru kinaanza kujizungusha kuelekea huko. Dereva asiyejua sababu hufikiri usukani umekatika.

Kinaweza kwenda baharini?

Kinaweza, na askari wa miguu wa jeshi la majini la Kisovieti na la Poland walikitumia kwa kushuka kutoka kwenye meli hadi ufukweni. Bahari iliyotulia haina tatizo. Mawimbi yakipanda, bati la mbele halitoshi na hewa ya injini inahitaji bomba la kuivuta kutoka juu zaidi. Maji ya chumvi nayo yana gharama yake. Baada ya kila safari, bodi, jeti, beringi za magurudumu na pampu huoshwa kwa maji baridi na kupakwa grisi upya. Kifaru kilichoachwa na chumvi wiki mbili hukuta vifuniko vya jeti vimeshikana kwa kutu, na hivyo ndivyo vinavyokielekeza majini.

Nchi kavu kinakwendaje?

Vizuri kuliko watu wanavyodhani. Injini yake ya dizeli ya V-6 ina silinda sita kwenye mstari mmoja na nguvu za farasi 240. Ni nusu ya injini ya V-2 yenye silinda 12 iliyoendesha kifaru cha T-34 cha Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo fundi aliyeizoea ile hakuwa mgeni kwa hii. Barabarani kinafika kilomita 44 kwa saa, giaboksi ni ya mkono yenye gia tano. Uzito mdogo juu ya minyororo mirefu hukifanya kipite kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga ambamo kifaru kikubwa kingezama. Kinapanda kizingiti cha mita 1.1 na kuruka handaki la mita 2.8.

Toleo la mwanzo lilibeba lita 250 za dizeli, zikitosha kilomita 240 hadi 260 barabarani. Toleo la baadaye, PT-76B, likafika kilomita 370 hadi 400, na majini zaidi ya 100.

Mzinga wake una uwezo gani?

Mzinga ni D-56T wa milimita 76.2, ambao kwa nguvu ya kurusha ni ndugu wa mizinga ya T-34 ya mwanzo na ya ZIS-3 ya Vita Kuu ya Pili. Pembeni yake kuna rashasha ya SGMT ya milimita 7.62 yenye risasi 1,000. Kifaru hubeba makombora 40 ya mzinga. Mgawanyo wa kawaida ulikuwa 24 ya mlipuko na vipande, 8 ya mlipuko unaotoboa kwa mshale mwembamba wa metali unaorushwa kwa kasi kubwa mno, 4 ya kawaida ya kutoboa chuma na 4 yenye kiini kigumu cha kasi.

Tazama hesabu hiyo: 24 kati ya 40 ni kwa ajili ya askari wa miguu, viota vya rashasha, malori na nyumba. Waliokiunda walijua kabisa adui wake ni nani. Kombora la mlipuko la kilo 6.2 linatosha kunyamazisha kiota cha rashasha ng'ambo ya mto, na hiyo ndiyo kazi hasa: kushika ukingo wa pili hadi daraja lifungwe na vifaru vikubwa vifike.

Mzinga unainuka hadi nyuzi 30 lakini unashuka nyuzi 4 tu. Nyuzi 4 ni mita 70 za kushuka kwa kila kilomita moja. Ukijificha nyuma ya kilima na kutoa mnara tu, mara nyingi mzinga hauoni bonde lililo chini yako. Inabidi utoe bodi zima juu ya mgongo wa kilima, na bodi ndilo usilotaka lionekane.

Kinaweza kupiga mzinga kikiwa kinaelea?

Ndiyo, na kilifanyiwa mazoezi hayo. Ila bodi linayumba, na kila mlipuko hulitikisa upya. Toleo la kwanza halikuwa na kidhibiti cha kuushikilia mzinga, kwa hiyo kupiga ukiwa majini kulikuwa kwa kutisha zaidi kuliko kulenga. Kidhibiti kwenye PT-76B kilisaidia sana hapo.

Kinaweza kuua kifaru kikubwa?

Kwa mbele, usijaribu. Kombora la kawaida la kutoboa hupenya milimita 70 hivi kwa mita 500. Omo ya T-55 ina milimita 100 zilizolazwa nyuzi 60, ambazo ukizihesabu kwa usawa ni milimita 200. M48 Patton ya Kimarekani iko katika daraja hilohilo. Makombora ya mlipuko unaotoboa yaliongeza nafasi, hasa ubavuni na nyuma, lakini kifaru kikubwa kinahitaji kupiga mara moja tu.

Dhidi ya kifaru chepesi mwenzake habari ni tofauti kabisa, na Garibpur inaonyesha.

Nini kilitokea Garibpur?

Tarehe 21 Novemba 1971, katika Pakistan ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh, kombania ya vifaru 14 vya PT-76 ya regimenti ya 45 Cavalry ya India ilikuwa pamoja na batalioni ya 14 Punjab kwenye kijiji cha Garibpur. Wapakistani walishambulia alfajiri kwenye ukungu wakiwa na vifaru vya M24 Chaffee vya Kimarekani. PT-76 vilikuwa vimeshajipanga, vimetulia, vinasubiri. Chaffee ina deraya ya milimita 38 kwa unene wake mkubwa, na mzinga wa milimita 76 unaipenya bila taabu. Karibu vifaru vyote vya Kipakistani vilivyoshambulia viliharibiwa. India ilipoteza vichache, na kamanda wa kombania, Meja Daljit Singh Narag, aliuawa akiwa ameinuka kwenye mnara akiongoza mapambano. Alitunukiwa nishani ya Maha Vir Chakra.

Kilichoamua pale ni nani alikuwa ametulia na nani alikuwa anasogea. Mzinga usio na kidhibiti hupiga vizuri kifaru kikiwa kimesimama.

Na Vietnam?

Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Februari 1968, jeshi la Vietnam Kaskazini lilishambulia kambi ya kikosi maalumu cha Marekani ya Lang Vei, karibu na Khe Sanh, kwa vifaru zaidi ya 10 vya PT-76. Walinzi hawakutarajia vifaru. Mizinga yao ya milimita 106 iliharibu kadhaa, lakini roketi nyingi za begani za M72 hazikufanya kazi au ziligonga bila matokeo. Kambi ikaanguka. Vifaru vilikwenda pamoja na askari wa miguu, usiku, dhidi ya adui asiye na vifaru. Hayo ndiyo mazingira yake bora.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 3 Machi 1969, PT-76 vilikuja Ben Het na kukuta vifaru vya M48. Kimoja kilikanyaga bomu la ardhini, likawaka na kuviangaza vingine. M48 moja ilipigwa na watu wawili wakafa, lakini kifaru chenyewe hakikuangamia. Upande wa pili uliacha PT-76 mbili na gari moja la kubebea askari la BTR-50 zikiungua. Kifaru kilekile, askari walewale wenye ushujaa uleule, lakini adui mwenye deraya nzito na mzinga wa milimita 90.

Wamisri walikitumiaje mwaka 1973?

Tarehe 6 Oktoba brigedi yao ya 130 ilivuka Ziwa Kuu la Bitter kwa PT-76 na BTR-50 bila kusubiri madaraja ya Mfereji wa Suez. Uvukaji wenyewe ulifanikiwa, na kwa hilo kifaru kilifanya hasa kile kilichoundiwa. Waliosonga ndani zaidi ya Sinai walikutana na vifaru vya Patton vya Israel na kupigwa. Waisraeli nao walikuwa na kikosi cha PT-76 na BTR-50 walivyoteka mwaka 1967.

Je, kinafaa kweli kwa upelelezi?

Hapa tunatofautiana na maandishi mengi. Kimejaa kwenye vitabu kama "kifaru cha upelelezi", na kweli kilipewa vikosi vya upelelezi vya divisheni na regimenti. Lakini mpelelezi anahitaji macho, ukimya na umbo dogo, na PT-76 kina upungufu katika yote matatu. Kamanda ndiye mlengaji. Akiinama kwenye darubini ya kulengea haoni kinachoendelea pembeni, na akitazama pembeni hakuna anayelenga. Mnara una mlango mmoja mkubwa unaotumiwa na watu wawili, unaofunguka kuelekea mbele. Ukiwa wazi ni ngao nzuri, lakini unaziba macho ya mbele.

Kwa usiku, dereva alipata kifaa cha kuonea kwa mwanga wa infraredi, lakini mzinga haukuwa na darubini ya usiku. Huko Lang Vei vifaru vilitumia taa.

Kilichofaa ni upelelezi wa kupigana: kusogea mbele ya kikosi, kutafuta kivuko, kukivuka, na kukishikilia kwa saa chache. Kwa kazi hiyo hakukuwa na mbadala jeshini mwao hadi magari ya deraya ya kubebea askari ya familia ya BMP yalipokuja.

PT-76 na PT-76B vinatofautianaje?

PT-76B, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1950, ina kidhibiti cha mzinga, kinga dhidi ya vumbi la nyuklia na kemikali, dizeli zaidi na redio bora. Uzito ulipanda hadi tani 14.6 hivi. Kwa macho, tazama mtutu: mzinga wa mwanzo ulikuwa na breki ndefu yenye nyufa nyingi, wa baadaye una breki ya vyumba viwili na uvimbe mtutuni wa kuondoa moshi.

Ni kifaru kimoja na Type 63 ya China?

Hapana, ila ni mtoto wake. Wachina walichukua wazo na umbo la bodi, wakaweka mzinga wa milimita 85, mtu wa nne na injini yenye nguvu zaidi. Mnara wa Type 63 ni wa mviringo kama bakuli lililopinduliwa, wa PT-76 ni kama koni iliyokatwa juu.

Ndani ya familia yenyewe, bodi na vipuri vya PT-76 vilizaa BTR-50 ya kubebea askari 20, kirushia roketi cha Luna na mzinga wa ASU-85 wa askari wa miavuli, na hata Shilka ya kutungulia ndege imerithi kwake.

Kilifika Afrika?

Kilifika nchi nyingi, zikiwemo Angola, Guinea, Kongo-Brazzaville, Zambia, Madagaska na Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini kwa vizazi. Tatizo kubwa huku halikuwa adui, ilikuwa vipuri. Mipira ya kuziba huoza kwa joto na jua, na kifaru kikishakosa mipira hakina tena ruhusa ya kuingia majini. Kinabaki kifaru cha milimita 10 kinacholinda barabara, yaani kasoro zote bila faida yake moja kubwa.

Bado kinatumika?

Ndiyo. Askari wa majini wa Indonesia wameendelea nacho kwa miongo mingi, na baadhi ya vyao viliwekewa mzinga wa milimita 90 na injini mpya. Urusi ilivitumia Chechnya kwenye vikosi vya ndani miaka ya 1990, ikaunda pia toleo la PT-76E lenye mzinga wa milimita 57 unaopiga mfululizo.

Nitakitambuaje kwenye picha au makumbusho?

Magurudumu sita kila upande, bila vigurudumu vya kubebea mnyororo juu. Omo iliyochongoka kama jahazi, na bati la mawimbi limelala juu yake. Mnara umekaa mbele kidogo ya katikati. Ukiwa makumbushoni, mathalani Parola nchini Finland au Latrun nchini Israel, zunguka uende nyuma uiname: utaona matundu mawili ya mviringo kwenye tezi na vifuniko vyake. Kisha tazama ubavuni karibu na nyuma, juu ya mnyororo, kwenye matundu madogo yanayoelekea mbele. Hayo ndiyo yanayokirudisha nyuma na kukigeuza kikiwa majini.